Handasa, Kibla na Hukumu za Nyumbani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, mwezi huu nimepokea swali la mama mmoja wa Mtoni, nalo nimeona halifai kujibiwa kwa mstari mmoja. Asema: "Maalim, binti yangu yuko kidato cha tatu. Jioni akitoka shule hukaa na rula na bikari akichora pembe tatu na maduara mpaka adhana ya Isha, na juu ya hayo somo lenyewe humwangusha kila mtihani. Je, michoro hii yamfaa nini mtoto wa Kiislamu? Si afadhali aiache, na wakati ule autie katika Kurani?"

Ewe mama, swali lako ni la haki, wala hukuliuliza peke yako. Wazazi wengi hapa Temeke wanalo moyoni, ila hawalisemi. Mimi mwenyewe nimesoma chuoni, na katika shule ya serikali niliishia darasa la saba. Lau ungaliniuliza jambo hili miaka michache iliyopita, ningalikujibu, "Naam, na aiache." Leo sithubutu kujibu hivyo, na sababu yake nitaieleza, ijapokuwa ndani yake mna aibu yangu.

Kwanza tuijue elimu yenyewe. Hiyo ambayo watoto wetu huiita jometri, Waarabu huiita handasa, nayo ni elimu ya mistari, pembe na maumbo. Aliyeikusanya na kuipanga katika kitabu kimoja ni Euclid, aliyefundisha Iskandaria katika nchi ya Misri, yapata miaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Waislamu walimwita Uqlidis. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kiarabu na al-Hajjaj bin Yusuf bin Matar, mara ya kwanza katika zama za Khalifa Harun Rashid, na mara ya pili katika zama za mwanawe al-Maamun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata 833. Baadaye, mwaka 1248, Nasir al-Din al-Tusi alikiandika upya na kukieleza, na wanafunzi wa Kiislamu wakakisoma kwa karne nyingi. Basi asidhani mtu kwamba mwanawe amekwenda kuokota jambo la kigeni. Elimu hii ilikaa nyumbani kwetu siku nyingi.

Na ubora wake uko wapi? Si katika michoro. Ubora wake ni kwamba humfundisha mtu namna ya kujua. Katika handasa hakuna neno linalokubaliwa kwa sababu aliyelisema ni mkubwa, au kwa sababu amelisema kwa sauti kubwa. Huanzwa kwa maneno machache yaliyo wazi, ambayo kila mwenye akili huyakiri, kisha kila neno jipya husimamishwa juu ya lile lililotangulia, kama fundi anavyolaza tofali juu ya tofali. Tofali moja likikosekana, mwanafunzi hana ruhusa ya kuendelea.

Nitoe mfano mmoja, nawe mama waweza kuufanya mezani. Kata karatasi iwe umbo la pembe tatu. Zichane pembe zake zote tatu, uzipange ncha kwa ncha, upande kwa upande. Utaona zimekaa juu ya mstari ulionyooka, maana jumla yake ni digrii 180, ambazo vitabu vya shule ya msingi huziita nyuzi 180. Kata karatasi nyingine, utaona vivyo hivyo. Kata mia, utaona vivyo hivyo. Je, sasa umejua kwamba kila pembe tatu iko hivyo? La. Umejua karatasi mia ulizozichana tu. Huenda iko ya mia na moja iliyo kinyume.

Sasa tazama afanyavyo mwanafunzi wa handasa. Huchora pembe tatu, kisha katika ncha ya juu hupitisha mstari ulio sambamba na mstari wa chini. Pale juu sasa pana pembe tatu zilizokaa pamoja juu ya mstari mmoja ulionyooka, basi jumla yake ni digrii 180. Ile ya katikati ni ya umbo lenyewe. Ile ya kushoto ni sawa na pembe ya chini ya kushoto, kwa kuwa zimekaa kama pembe mbili za herufi Z baina ya mistari sambamba, na ile ya kulia ni sawa na ya chini ya kulia kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo pembe tatu za umbo ni sawa na zile tatu za juu, nazo ni digrii 180. Hakuchana hata karatasi moja, lakini amejua habari ya kila pembe tatu iliyopata kuchorwa na itakayochorwa juu ya kitu kilicho bapa. Nguvu yote imo katika neno lile "kwa hiyo". Asiyejua kulitumia neno hilo ataumia, na atawaumiza wengine pia.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Nina chuo kidogo Tandika, chumba kimoja cha matofali, na mbele yake ua wa saruji. Kilijengwa kufuata kichochoro, kama zilivyojengwa nyumba nyingi za huku ambazo viwanja vyake havikupimwa. Kwa muda wa miaka 19 nimetandika mikeka ya sala sambamba na ukuta wake mmoja, kwa kuwa ukuta ule waelekea kaskazini na kukata kidogo kwenda mashariki. Nami nilikuwa na hoja yangu, niliyoiona ni imara kama chuma. Nikisema: "Uarabuni uko kaskazini-mashariki mwetu. Makka iko Uarabuni. Basi Makka iko kaskazini-mashariki mwetu." Wazee wa mtaani wakiikubali, na watoto wakiipokea.

Mwaka 2023 binti mmoja wa kidato cha tatu, ambaye mwisho wa juma hunisaidia kuwasomesha wadogo alifu, alinijia baada ya somo. Akanena, "Shikamoo Maalim. Niwie radhi, nadhani mikeka yetu imepotoka."

Nilimjibu kwa ukali, mbele ya wenzake: "Umeanza lini wewe kunifundisha mimi kibla?" Kisha nikamsomea hoja yangu ile.

Hakunijibu kwa jeuri. Alisema tu, "Maalim, Uarabuni ni mkubwa. Sehemu yake kubwa iko kaskazini-mashariki mwetu, ni kweli. Lakini Makka iko kando yake, upande wa magharibi." Akafungua atlasi ya shule, akanionyesha mistari ya longitudo. Dar es Salaam iko digrii 39 na dakika 17 mashariki. Makka iko digrii 39 na dakika 50 mashariki. Baina yao hapana hata digrii moja nzima. Kwa hiyo Makka haiko kaskazini-mashariki mwetu. Iko kaskazini, na kibla ya Dar es Salaam inapotoka kwenye kaskazini ya kweli kwa kadiri ya digrii moja tu kuelekea mashariki.

Niliona hoja yangu imevunjika, lakini nafsi haikukubali. Nikaita vijana watatu wenye simu zenye dira. Simu tatu zikatoa majibu matatu, maana dira ya simu huvurugwa na chuma kilicho karibu, na sisi tumezungukwa na mabati na nondo. Nikafurahi! Nikasema, "Mwaona? Hata mashine hazijui." Hiyo nayo ilikuwa hoja mbovu, kwani simu kupotea si ushahidi kwamba ukuta wangu umenyooka.

Ndipo binti yule akasema iko njia isiyohitaji dira wala simu ila ya kutazama saa tu. Njia hii ni ya kale, na al-Tusi niliyemtaja aliieleza katika kitabu chake cha elimu ya falaki. Mara mbili kwa mwaka jua hupita juu kabisa ya utosi wa mji wa Makka wakati wa adhuhuri. Mara ya kwanza ni tarehe 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana. Mara ya pili ni tarehe 16 Julai, saa 6 na dakika 27 mchana. Saa za Makka ni sawa na zetu, basi hapana haja ya kuongeza wala kupunguza.

Akaniandikia hoja yake kwa Kiswahili katika karatasi, nami karatasi ile ninayo hata leo:

"Kwanza: jua likiwa juu kabisa ya utosi wa mahali, fimbo iliyosimama wima mahali hapo haina kivuli.

Pili: wakati huohuo, mahali pengine popote jua linapoonekana, fimbo iliyosimama wima hutupa kivuli upande ulio kinyume na mahali pale pasipo na kivuli.

Tatu: tarehe 16 Julai, saa 6 na dakika 27, mahali pasipo na kivuli ni Makka.

Kwa hiyo: saa hiyo kivuli cha fimbo yetu kitaipa Makka mgongo, na mwenye kusimama kwenye ncha ya kivuli akatazama shina la fimbo, ameielekea Al-Kaaba."

Nilisoma mara tatu nikitafuta pa kuingilia, nisipate. Tena alikuwa ameongeza neno moja chini. Alisema Dar es Salaam iko digrii 6.8 kusini mwa ikweta, na Makka iko digrii 21.4 kaskazini yake, jumla digrii 28.2. Kwa hiyo fimbo ya mita moja itatupa kivuli cha sentimita 54 kasoro kidogo. Yaani alitangaza urefu wa kivuli kabla ya kivuli chenyewe kuwapo.

Jumapili ya tarehe 16 Julai tulikusanyika uani: mimi, wazee wawili, fundi mwashi mmoja na watoto wa chuo. Fundi alipima saruji kwa pima maji, akaisimamisha fimbo ya mita moja kwa timazi. Dakika ilipofika, binti alipiga mstari wa chaki juu ya kivuli, na fundi akaupima kwa tepu. Ulikuwa sentimita 53 na nusu na kidogo. Hapo mzee mmoja akasema, "Allahu Akbar!" Kisha binti akatoa kipima pembe katika mkebe wake wa jometri, akapima baina ya mstari wa chaki na ukuta wangu. Ukuta ulikuwa umepotoka kwa digrii 14.

Mtu aweza kusema digrii 14 ni nini. Kutoka hapa hata Makka ni kadiri ya kilomita 3,140. Kwa umbali huo, kila digrii moja ya kupotoka humpitisha mtu kando ya Makka kwa kadiri ya kilomita 50. Hesabu mwenyewe mara kumi na nne. Habari ya sala zilizopita niliipeleka kwa wanazuoni wa fikihi, maana wao wana maneno yao juu ya aliye mbali na Al-Kaaba: wako wanaotaka aielekee yenyewe, na wako wanaotosheka na upande wake. Safu hii si ya fatwa. Mimi nilichofanya siku ile ni kuzungusha mikeka, na kumwomba radhi binti yule mbele ya wenzake walewale niliomkaripia mbele yao.

Na sasa tuitazame hoja yangu iliyovunjika, kwani humo mna somo. Kosa huingia katika hoja kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni msingi: maneno ya kuanzia si ya kweli. Mlango wa pili ni kiungo: maneno ya kuanzia ni ya kweli, lakini natija haitokani nayo. Kosa langu lilipita mlango wa pili. Ni kweli kwamba Uarabuni, kwa sehemu yake kubwa, uko kaskazini-mashariki mwetu, na ni kweli Makka iko Uarabuni. Lakini lililo kweli kwa sehemu kubwa ya kitu si lazima liwe kweli kwa kila sehemu yake.

Mfano wa mlango wa kwanza umewapata ndugu zetu wa Marekani, waliojadiliana miaka mingi juu ya kibla yao. Mwenye kutazama ramani ya ukutani huiona Makka iko kusini-mashariki mwa New York, na akipiga rula juu ya ramani hiyo hoja yake ni safi. Lakini msingi wake ni kwamba dunia ni bapa kama karatasi, nayo siyo. Dunia ni tufe, na juu ya tufe njia fupi kabisa ya kwenda Makka kutoka New York huanzia kaskazini-mashariki, digrii 58 hivi kutoka kaskazini. Hata ile kanuni ya digrii 180 niliyoieleza juu ni ya kitu kilicho bapa tu. Chukua chungwa, uchore mistari miwili kutoka kwenye kikonyo hata katikati yake, iachane kwa robo ya duara, kisha uiunge kwa mstari wa kulizunguka chungwa kiunoni. Utapata umbo lenye pembe tatu, na kila moja ni digrii 90, jumla digrii 270! Kanuni haikusema uongo. Aliyekosea ni yule aliyeichukua akaiweka juu ya msingi usio wake. Sisi wa Dar es Salaam tumesalimika na mzozo huo, kwa kuwa Makka iko karibu juu ya longitudo yetu, na hapo ramani na tufe husema neno moja.

Utasema, mama, "Kibla nimeielewa, lakini mimi sina msikiti wa kujenga." Basi nisikilize kwa jambo la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza.

Katika nyumba moja niijuayo zilipotea shilingi elfu themanini za ada ya mtoto. Nilialikwa kama mtu mzima nisikilize. Mwenye nyumba akasema: "Aliyechukua fedha lazima aliingia chumbani mwangu. Binti wa kazi aliingia chumbani mwangu kufagia. Basi ndiye aliyechukua." Nami nilikuwapo, nikasikia, nikaona hoja imetimia, nikanyamaza. Binti akalia, akaapa, asisadikiwe, akafungasha nguo zake jioni ileile. Baada ya wiki sita fedha zilionekana ndani ya kanga iliyokunjwa, pale mwenye nyumba mwenyewe alipoziweka akasahau. Walitaka kumwita binti warekebishe. Nauli ya kumrudisha walikuwa nayo. Kwao hawakukujua, na namba yake ya simu haikuita tena.

Haya yalitokea kabla ya siku ya fimbo. Baada ya siku ile niliirudia hoja ya nyumba ile nikaipima kama binti wa kidato cha tatu anavyopima, na mwili ukanisisimka. Maana kila mtoto wa jometri anajua kwamba kila mraba una pembe nne, lakini si kila chenye pembe nne ni mraba. Kila mwizi wa fedha zile aliingia chumbani, naam, lakini si kila aliyeingia chumbani ni mwizi. Neno la kweli likigeuzwa nyuma mbele, si lazima libaki kweli. Tena msingi nao ulikuwa mbovu, kwani hakuna aliyethibitisha kwamba palikuwa na mwizi. Milango yote miwili ilikuwa wazi, na mimi mtu mzima, mwenye kilemba, sikuona hata mmoja.

Ndugu zangu, ni hukumu ngapi za majumbani mwetu zimejengwa hivi? "Mke mwenye siri hufunga simu yake. Mke wangu amefunga simu yake. Basi ana siri." "Mchawi hutembea usiku. Bibi yule ameonekana usiku. Basi ni mchawi." Talaka hutoka kwa hoja kama hizi, na wazee hupigwa kwa hoja kama hizi. Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat, aya ya 6, ametuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, na katika aya ya 12 ametuonya na dhana. Na katika Suratu Bani Israil, aya ya 36, ametukataza kufuata tusilolijua, akatukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Nitajuaje kama ninalijua jambo au ninalidhani, ikiwa sikujifunza tofauti ya vitu hivyo viwili? Handasa ni mahali ambapo mtoto hujifunza tofauti hiyo bila ya kumwumiza mtu, kwa sababu akikosea, kinachoharibika ni karatasi tu.

Wala msidhani kwamba kutoa hoja ni kukosa imani. Nabii Ibrahim (A.S.), katika Suratul An'am, aliitazama nyota, kisha mwezi, kisha jua, na kila kimoja kilipotua alikikataa. Hoja yake tukiipanga kama wanafunzi wapangavyo ni hii: anayestahiki kuabudiwa hatoweki, hiki kimetoweka, basi hakistahiki. Msingi wake ni imara na kiungo chake ni imara, na watu wake hawakuwa na jibu. Na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alionya katika kisa cha maisha yake juu ya watu wawili kuhusu hesabu. Wa kwanza ni yule anayeona ustadi wa wanafalsafa katika hesabu, akadhani kila wasemalo katika dini pia ni kweli. Wa pili ni rafiki mjinga wa Uislamu, adhaniye kwamba atainusuru dini kwa kuzikana elimu zilizothibiti, na kumbe anaidhuru. Mimi mbele ya binti yule nilikuwa huyu wa pili.

Basi jibu langu, mama wa Mtoni, ni hili. Asiache Kurani, wala asiache jometri. Mpangie wakati wa kila moja. Na ukiona somo linamwangusha, usiseme akili yake ni ndogo. Watoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na wakiingia kidato cha kwanza masomo hugeuka kuwa ya Kiingereza. Hoja ni ngumu peke yake, na hapo huletewa katika lugha ambayo bado wanaitafuta. Wengi hukariri maneno ya kanuni bila ya kuona kiungo chake. Hapo wewe waweza kumsaidia, ijapokuwa hukusoma jometri hata siku moja. Baada ya Magharibi mwambie, "Mwanangu, nieleze kwa Kiswahili ulichosoma leo." Kila akisema neno, muulize, "Umejuaje?" Akijibu, "Mwalimu kasema," mwambie, "Hilo halitoshi." Akijibu, "Kwa sababu hii na hii," muulize, "Na hizo umezijuaje?" Akifika mahali hana jibu, amepapata mahali pa kumwuliza mwalimu wake kesho. Swali hilo moja la mama halihitaji cheti.

Ila tahadhari: mtoto aliyezoezwa hivyo siku moja atakuuliza wewe, "Mama, umejuaje?" Usimkaripie kama nilivyomkaripia wangu. Mfundishe adabu ya kuuliza, lakini mpe jibu, na kama huna jibu, sema, "Sijui."

Na wasomaji wote mnaotaka kuipima kibla ya nyumba zenu, shikeni tarehe nilizozitaja: 28 Mei saa 6 na dakika 18, na 16 Julai saa 6 na dakika 27. Katika mwaka mrefu, kama 2028, ni siku moja kabla yake. Kenya, Uganda, Unguja na Pemba saa ni hizohizo, na ndugu zetu wa Oman waongeze saa moja. Fimbo iwe wima kwa timazi na uwanja uwe sawa. Kukiwa na mawingu, jaribuni siku ya pili yake kwa saa ileile, na tofauti itakuwa ndogo. Mkiona msikiti wa mtaa wenu umepotoka, msikimbilie kuvunja mihrabu wala kugombana na imamu. Mwalikeni aje asimame uani kwa dakika ile, atazame kivuli kwa macho yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kusikia neno na kufuata lililo bora, na amrejeshee haki yake yule binti tuliyemdhulumu, popote alipo. Amin.

Wabillahi tawfiq.